Rege na Haki ya Kusikika: Historia Fupi ya Redio ya Muziki wa Jamaika

Utangulizi

Wengi wetu tunaujua muziki wa rege. Tumeusikia katika mabasi ya abiria, katika vibanda vya vinyozi na katika vilabu vya vijana, na wanafunzi wetu huziimba nyimbo zake hata pasipo kuyaelewa maneno. Lakini ni wachache wanaojua kwamba muziki huu, ambao leo husikika ulimwenguni kote, ulikaa muda mrefu bila nafasi ya kutosha katika redio za nchi yake wenyewe. Kituo cha kwanza nchini Jamaika kilichojitolea kupiga rege peke yake kilifunguliwa mwaka 1990, yaani miaka 28 baada ya uhuru wa nchi hiyo na miaka 9 baada ya kufariki kwa Bob Marley. Yafaa tujiulize sababu.

Katika makala haya nakusudia kuifuata safari ya rege kutoka vichochoro vya Kingston hadi redio ya intaneti, ambayo mtu mmoja aweza kuiendesha akiwa chumbani mwake. Hoja yangu ni kwamba muziki na lugha ya watu wa chini havikupewa heshima hewani mpaka watu hao walipojipatia mitambo yao wenyewe; na kwamba kila mara mlango mmoja ulipofunguliwa, mwingine ulitokea mbele yao. Sisi walimu tunaofundisha Kiswahili katika nchi ambamo lugha hii ingali inatafuta makao yake tuna mengi ya kujifunza katika habari hii.

Redio ya wakubwa na muziki wa uwanjani

Utangazaji ulianza Jamaika mwezi wa Novemba 1939. Vita Kuu ya Pili ilipozuka, John Grinan, ambaye alikuwa na mtambo wake binafsi wa redio, aliukabidhi kwa serikali ya kikoloni, na kituo kikapewa jina la ZQI. Mwaka 1950 utangazaji ulipita mikononi mwa kampuni iliyokuwa tawi la Rediffusion ya London, na kituo kikaitwa RJR. Mwaka 1959 serikali ya Norman Manley ikaanzisha shirika la umma, JBC, kwa mfano wa BBC ya Uingereza. Hivyo, wakati Jamaika ilipopata uhuru tarehe 6 Agosti 1962, ilikuwa na vituo viwili vilivyoendeshwa kwa mwongozo wa Kiingereza, na nyimbo zilizopigwa humo kwa wingi zilikuwa za Marekani na Uingereza.

Maskini wa Kingston ya magharibi hawakungoja kualikwa. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1940 walikuwa wamejitengenezea redio ya aina yao, nayo ni mtambo wa muziki wa uwanjani: gramafoni, kikuza sauti chenye nguvu, na vipaza sauti vikubwa kama makabati ya nguo. Mtambo ulipakiwa katika gari, ukafungwa katika uwanja wenye ukuta, na watu wakalipa kiingilio kidogo ili wacheze hadi alfajiri. Miongoni mwa wenye mitambo walioheshimika alikuwa Tom Wong, aliyejulikana kama Tom the Great Sebastian. Baada yake wakavuma Duke Reid, aliyewahi kuwa polisi na mwenye duka la pombe, na Clement Dodd, aliyeitwa Sir Coxsone. Ushindani wao ulikuwa mkali hata wenye mitambo wakawa wanakwangua majina yaliyoandikwa juu ya santuri, ili wapelelezi wa upande wa pili wasijue wimbo unaopendwa unaitwaje.

Santuri hizo mwanzoni zilitoka Marekani. Wajamaika waliokwenda Florida kufanya kazi za mashambani walirudi nazo, na usiku vituo vya miji ya kusini mwa Marekani vilisikika kisiwani. Ladha ya Marekani ilipobadilika kuelekea mwisho wa miaka ya 1950, wenye mitambo wakakosa nyimbo za kuwafurahisha wachezaji wao. Ndipo walipowakusanya wanamuziki wa Kingston na kuanza kurekodi nyimbo zao wenyewe. Kutokana na haja hiyo ulizaliwa muziki wa ska. Ukafuatwa na rocksteady katikati ya miaka ya 1960, na mwaka 1968 jina la rege likaanza kuandikwa juu ya santuri. Ni dhahiri basi kwamba muziki huu ulizaliwa kwa mahitaji ya uwanjani. Redio ya taifa haikuuzaa wala haikuulea.

Katika uwanja huo huo ilizaliwa pia sanaa ya kunena juu ya muziki. Mtu aliyeshika maikrofoni, kama Count Machuki katika miaka ya 1950, aliiga kwanza watangazaji weusi wa Marekani, kisha akaifanya kazi hiyo kwa ulimi wa Kijamaika: akasifu, akatania, akatoa mafumbo. Mwaka 1970 U-Roy alirekodi maneno yake ya aina hiyo kwa Duke Reid, na nyimbo zake tatu zikashika nafasi tatu za kwanza kwa mauzo nchini kwa wakati mmoja. Kijana mwingine wa Kingston, Clive Campbell, aitwaye Kool Herc, aliuhamishia mtindo wa mitambo mjini New York, na sherehe yake ya mwezi wa Agosti 1973 huhesabiwa kuwa chanzo cha hip hop. Vijana wetu wanaosikiliza Bongo Fleva hawajui kwamba nasaba ya muziki wao inapita katika nyua za Kingston.

Lugha iliyowekwa nje ya mlango

Sababu za redio kuuweka muziki huu kando zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuwa imani. Tangu Haile Selassie alipotawazwa kuwa mfalme wa Uhabeshi mwezi wa Novemba 1930, baadhi ya maskini wa Jamaika walimwona kuwa ni masihi wa watu weusi, wakajiita Rastafari. Wakubwa waliwaona watu hawa kuwa wahuni na wachochezi. Mwezi wa Aprili 1963, baada ya ghasia za Coral Gardens, polisi waliwakamata na kuwatesa Rasta wengi, na serikali haikuomba radhi kwa tendo hilo hadi mwaka 2017. Mfalme mwenyewe alipoizuru Jamaika tarehe 21 Aprili 1966, umati uliofurika uwanja wa ndege uliwashangaza watawala. Rege ilipoichukua imani hii na kuiimba, wenye redio waliiogopa. Wimbo wa Peter Tosh wa katikati ya miaka ya 1970 uliotetea bangi ulipigwa marufuku hewani, nao ukauzwa sana pamoja na hayo.

Sababu ya pili ndiyo inayotuhusu zaidi, nayo ni lugha. Wajamaika walio wengi husema Patwa, lugha iliyozaliwa utumwani, ambayo msamiati wake mwingi umetoka katika Kiingereza lakini ina mizizi ya Afrika Magharibi. Neno lao la kusema “ninyi” ni unu, nalo lafanana kabisa na neno la Kiigbo. Hadithi zao za buibui mjanja Anansi zimetoka kwa Waakan wa Ghana, kama hadithi zetu za Sungura. Hata hivyo Patwa ilihesabiwa kuwa Kiingereza kilichoharibika, na mtoto aliyeisema darasani alikemewa. Wataalamu walianza kuitetea: Frederic Cassidy alitoa kitabu juu yake mwaka 1961, na mwaka 1967 yeye na R. B. Le Page wakachapisha kamusi kubwa. Lakini kamusi hukaa rafuni. Aliyeipeleka Patwa masikioni mwa taifa alikuwa mshairi Louise Bennett, aitwaye Miss Lou, ambaye kwa miaka mingi, tangu katikati ya miaka ya 1960, alikuwa na kipindi cha redio kilichosema mambo ya nchi kwa lugha ya sokoni. Wakubwa walicheka, wadogo wakajiona wametambuliwa.

Nani miongoni mwetu asiyelijua jambo hili? Kiswahili nacho kiliwahi kuitwa lugha ya wachuuzi na wapagazi, lugha ya mitaa ya Buyenzi kule Bujumbura na Nyamirambo kule Kigali, isiyofaa kwa mtu mwenye adabu. Leo ni lugha rasmi nchini Rwanda tangu mwaka 2017. Dharau iliyoipata Patwa hatuna haja ya kutafsiriwa.

Ndani ya JBC yenyewe alitokea fundi kijana, Michael Campbell, aliyejulikana baadaye kama Mikey Dread. Alipoajiriwa katikati ya miaka ya 1970 aliona ajabu kwamba rege bora ilirekodiwa kila siku mjini mwake ilhali kituo cha taifa kilipiga nyimbo laini za kigeni. Akawashawishi wakuu wake wampe saa za usiku wa manane, wakati ambapo hakuna aliyezitaka. Hapo alipiga rege karibu peke yake, akaichanganya na milio, vicheko na maneno ya kuchekesha. Kipindi kikawa maarufu nchini kuliko vipindi vya mchana. Mwaka 1979, baada ya mvutano na uongozi, aliacha kazi. Kipindi kilikuwa kimependwa, lakini mtambo haukuwa wake, na aliyempa nafasi alibaki na uwezo wa kumnyang’anya.

Maharamia wa London

Wajamaika waliohamia Uingereza baada ya mwaka 1948 walichukua mitambo yao ya uwanjani pamoja nao. Katikati ya miaka ya 1950 Duke Vin alikwisha kufunga mtambo wake magharibi mwa London. Lakini hewani hali ilikuwa ngumu. Sheria ya mwaka 1967 ilikuwa imevizima vituo vya maharamia vilivyotangaza kutoka melini, na rege ilipewa saa chache tu kwa wiki katika vituo vya mji. David Rodigan, Mwingereza aliyeupenda muziki huu tangu utoto, alipata sifa kubwa kwa kipindi chake cha rege kuanzia mwaka 1978. Lakini kipindi kimoja hakiwezi kuwa kituo.

Kuanzia mwaka 1980 kijana aliyeitwa Lepke na wenzake waliendesha Dread Broadcasting Corporation. Vifupisho vyake, DBC, vilikuwa kejeli ya wazi kwa BBC. Ndicho kituo cha kwanza cha muziki nchini Uingereza kilichomilikiwa na watu weusi. Vipindi vilirekodiwa katika kaseti, mtambo mdogo ukapandishwa juu ya jengo refu, na walinzi wakakaa chini kuangalia wasije maofisa wa serikali. Mitambo ilikamatwa, ikatengenezwa mingine. Kituo kilizimwa mwaka 1984, wakati sheria mpya ilipowapa maofisa nguvu zaidi, lakini mfano wake ulikwisha kuenea. Katika miaka iliyofuata vituo vingi vya namna hiyo viliota London, na baadhi, kama Kiss FM, vilianza kutangaza kwa leseni mwaka 1990. Mmoja wa watangazaji wa DBC, Miss P, aliajiriwa baadaye na BBC yenyewe.

Tarehe 1 Agosti 1990

Mwaka huo huo Jamaika nayo ilifungua mlango. Tarehe 1 Agosti 1990, Karl Young alianzisha Irie FM katika mji wa Ocho Rios, kaskazini mwa kisiwa, mbali na Kingston. Tarehe hiyo ina maana kubwa, kwani ndiyo siku ambayo sheria ya kukomesha utumwa katika makoloni ya Uingereza ilianza kutumika mwaka 1834. Irie FM ilipiga rege usiku na mchana, na watangazaji wake walisema Patwa bila kuomba radhi. Wenye hekima walidhani kwamba hakuna atakayetangaza biashara katika kituo cha namna hiyo. Ilitokea kinyume: katika muda mfupi kikawa miongoni mwa vituo vyenye wasikilizaji wengi nchini, na vituo vikongwe vikalazimika kuongeza rege katika ratiba zao.

Mmoja wa sauti zake mashuhuri amekuwa mshairi Mutabaruka, ambaye tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 alikuwa na kipindi cha usiku cha kujadili dini, siasa na Afrika. Alizaliwa Kingston mwaka 1952 na kupewa jina la Allan Hope. Jina alilojichagulia ni la Kinyarwanda, na wasomaji wetu wa Maziwa Makuu watalitambua mara moja: latokana na kitenzi kinachotaja kurudi kutoka vitani. Bahari iliyowachukua mababu wa Jamaika ilikuwa ya Magharibi, wala Rwanda haikuwa na sehemu katika safari ile. Lakini mtu aliyeporwa jina aliona afadhali kujitwalia moja kutoka bara zima kuliko kubaki na la bwana wa shamba.

Kituo ndani ya kompyuta

Irie FM iliipa rege mtambo, lakini mtambo wa FM huishia milimani. Mjamaika wa Toronto, Mjapani wa Yokohama, na kijana wa Bukavu mwenye mapenzi na muziki huu hawakuweza kuusikia. Mlango wao ulifunguliwa na intaneti.

Mwezi wa Novemba 1994 kituo cha wanafunzi wa Chapel Hill huko Marekani, WXYC, kilianza kupitisha matangazo yake katika intaneti, nacho hutajwa kuwa miongoni mwa vya kwanza kabisa. Mwaka 1995 ilitolewa programu ya RealAudio, iliyowezesha sauti kusikika papo hapo bila kungoja ipakuliwe yote. Kisha wataalamu wa Ujerumani wakawa wamekamilisha mbinu ya kubana sauti iitwayo MP3, na kuelekea mwaka 1999 ikatokea programu ya SHOUTcast, ambayo mtu wa kawaida aliweza kuitumia kufungua kituo nyumbani kwake. Hakuhitaji mnara, wala walinzi chini ya jengo.

Kazi yenyewe ni kama ifuatavyo. Mwendeshaji hukusanya nyimbo na kuziandika katika orodha yenye jina la mwimbaji, mtayarishaji na mwaka. Kwa rege jambo hili ni kazi kubwa, kwa kuwa santuri nyingi za zamani zilitolewa chache na bila maelezo. Huzipanga kwa vipindi: ska na rocksteady asubuhi, nyimbo za Rasta jioni, dub usiku. Huweka sauti yake katikati, kwani orodha ya nyimbo bila mtangazaji ni sanduku la muziki tu. Kisha huipeleka sauti hiyo hadi kompyuta iitwayo seva, na seva humgawia kila msikilizaji mkondo wake.

Hapa ndipo tofauti kubwa ilipo. Mtambo wa kawaida ukishawashwa, gharama ni ile ile wakisikiliza watu 10 au 10,000. Katika intaneti kila msikilizaji huongeza gharama. Sauti iliyobanwa kwa kilobiti 128 kwa sekunde humpelekea msikilizaji mmoja kiasi cha megabaiti 58 kwa saa; wasikilizaji 100 huhitaji karibu gigabaiti 6 kila saa. Mwenye kituo ni kama mwenye karamu anayelazimika kupika upya kila mgeni anapobisha hodi. Bei ya seva imeshuka sana tangu siku zile, lakini mzigo wa pili ulikuja kutoka upande wa sheria.

Hesabu ya haki za wasanii

Nchini Marekani, ambako vituo vingi vya intaneti vilianza, redio za kawaida haziwalipi waimbaji kwa kupiga rekodi zao, bali huwalipa watunzi tu. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1998 iliviamuru vituo vya intaneti viwalipe wote wawili. Mwezi wa Juni 2002 kiwango kikatangazwa: senti 0.07 ya dola kwa kila wimbo kwa kila msikilizaji. Msomaji anaweza kudhani kwamba si kitu. Tufanye hesabu. Kituo kinachopiga nyimbo 15 kwa saa, chenye wasikilizaji 100 mchana na usiku, huhesabiwa upigaji 36,000 kwa siku; malipo yake ni dola 25.20, yaani zaidi ya dola 9,000 kwa mwaka. Kwa kampuni kubwa ni kidogo. Kwa fundi anayetangaza baada ya kazi ni mshahara wa miezi mingi. SomaFM ya San Francisco ilinyamaza kwa miezi kadhaa mwaka huo, ikarudi baada ya wadogo kupatiwa nafuu. Nafuu ya namna hiyo ilipomalizika mwishoni mwa mwaka 2015, Live365, iliyokuwa imebeba maelfu ya vituo vidogo, ilifungwa mwezi wa Januari 2016. Mmiliki mwingine aliifufua mwaka 2017.

Sheria hiyo hiyo iliweka na masharti ya mpangilio. Kituo kinachotumia leseni hiyo ya jumla hakiruhusiwi kupiga nyimbo zaidi ya 4 za mwimbaji mmoja katika muda wa saa 3, wala zaidi ya 3 kutoka albamu moja. Waliotunga sharti hili waliwaogopa wanaonakili muziki. Mila ya rege hawakuifikiria. Tarehe 11 Mei, siku ya kumbukumbu ya kifo cha Bob Marley, mpenzi wa rege hutaka kumsikia yeye kutwa nzima. Tena iko desturi ya tangu uwanjani ya kupiga mfululizo nyimbo za waimbaji wengi zilizojengwa juu ya mdundo mmoja, ili msikilizaji apime nani amenena vizuri zaidi. Albamu za mdundo mmoja ni fahari ya muziki huu, lakini kwa sharti hili mtangazaji hawezi kupiga hata nusu yake.

Hata hivyo, Mgala muue na haki yake mpe. Tusiseme kwamba malipo haya ni dhuluma. Wanamuziki wa Kingston walidhulumiwa kwa miaka mingi kwa sababu ya kukosa malipo ya namna hii hasa. Wapigaji wengi wa studio walilipwa fedha ya siku moja, na nyimbo zao zikauzwa miaka arobaini bila wao kupata kitu. Sheria ya kisasa ya hakimiliki haikuanza kutumika Jamaika hadi mwaka 1993. Filamu ya Perry Henzell ya mwaka 1972, The Harder They Come, ambamo Jimmy Cliff ni kijana anayepewa dola chache kwa wimbo wake na kuzuiwa kuusikilizisha redioni pasipo idhini ya tajiri, haikubuni hali hiyo, bali iliichora. Kwa utaratibu wa Marekani wa malipo ya intaneti, nusu humwendea mwenye rekodi, asilimia 45 mwimbaji mkuu, na asilimia 5 wapigaji na waitikiaji. Swali gumu ni nani aliye “mwenye rekodi” kwa santuri ya mwaka 1967 ambayo mkataba wake ulikuwa wa mdomo. Kwa hiyo mpenzi wa rege anayefungua kituo bila kulipa chochote, akidai kwamba anautangaza utamaduni wa wanyonge, hana budi kujiuliza kama hajawa mnyonyaji mwingine.

Maikrofoni haina dini

Iko hatari nyingine ambayo sisi wa Maziwa Makuu hatuwezi kuipita kimya. Makala haya yamesifu sauti ya watu wa chini inayoshika maikrofoni. Lakini tunakumbuka kituo cha RTLM kilichoanza kutangaza Kigali mwezi wa Julai 1993. Kilikuwa na watangazaji wachangamfu, lugha ya mitaani, mizaha, na muziki uliopendwa na vijana. Kwa chambo hicho kiliwavuta wasikilizaji, na mwaka 1994 kikawachochea kuua katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Mwezi wa Desemba 2003 mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha iliwatia hatiani waanzilishi wake wawili. Lugha tamu na mdundo mzuri si ushahidi wa ukweli.

Jamaika nayo, kwa kiasi kidogo mno kuliko hicho, ilipambana na swali hili. Sehemu ya nyimbo za dancehall, mtoto wa rege, zilisifu bunduki na kuwadhalilisha wanawake, na mwezi wa Februari 2009 tume ya utangazaji ya nchi hiyo ilipiga marufuku redioni nyimbo za matusi ya wazi. Wengine waliona kwamba dharau ya zamani imerudi kwa vazi jipya; wengine walisema watoto walindwe. Mimi naona kwamba aliyedai haki ya kusikika amejitwika pia wajibu wa kujibu kwa anayoyasema, na kwamba wajibu huo haupungui kwa sababu kituo kiko chumbani na hakina leseni ukutani.

Hitimisho

Tarehe 29 Novemba 2018 UNESCO iliiandika rege ya Jamaika katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa wanadamu. Muziki uliokosa saa moja ya mchana katika kituo cha taifa lake ukawa urithi wa dunia. Patwa nayo imepata Agano Jipya lake, lililotolewa mwaka 2012. Heshima hizi zilikuja mwishoni, baada ya kazi kufanywa na fundi wa usiku wa manane, maharamia wa paa la jengo, na mwenye kituo cha Ocho Rios. Wala wenye vituo vidogo vya intaneti wasisahauliwe, ambao wengi hufanya kazi hiyo bila faida, wakitafuta jina la mpiga tarumbeta wa mwaka 1965 ili walitaje sawasawa.

Sisi walimu tuchukue nini? Kwanza, tukubali kwamba lugha haipati hadhi kwa maamuzi ya bunge peke yake. Kiswahili kimetangazwa kuwa rasmi katika nchi zetu, lakini mtoto atakiheshimu atakapokisikia kikimweleza mambo anayoyapenda: mpira, kilimo cha kisasa, na muziki. Marehemu Justin Kalikawe wa Bukoba aliiimba rege kwa Kiswahili, na waliomsikia walitambua kwamba mdundo wa Kingston unaweza kubeba maneno yetu bila kuyavunja. Pili, vifaa si tatizo kama zamani. Shule yenye kompyuta moja na mtandao wa wastani yaweza kurusha saa moja ya Kiswahili kila wiki: wanafunzi waandike maelezo mafupi ya kila wimbo, wamtaje mtunzi, wafasili maneno magumu, wasome habari za kijiji chao. Wasikilizaji wakiwa 20, hiyo ni hadhira kubwa kuliko ya insha inayosomwa na mwalimu mmoja na kutiwa alama nyekundu.

Tatu, kabla ya kuwasha mtambo, tuulize sheria ya nchi na tuwatafute wasanii tutakaowapiga, tupate idhini yao. Wasanii wa mitaani kwetu wengi watafurahi kuombwa, kwa kuwa hawajawahi kuombwa na mtu. Kazi hii ifanywe kwa makini, na mwalimu mmoja katika kila tawi la chama aanze kuandika orodha ya nyimbo za Kiswahili za eneo lake, pamoja na majina ya waliozipiga, kabla wazee wanaoyakumbuka majina hayo hawajatutoka.